Shangazi, saa za kupakia na kufunga hesabu silipwi, na msimamizi ni mjomba wangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni dereva wa kanta, lori dogo la mizigo, hapa Uganda. Kampuni yetu inasambaza soda na maji ya chupa, depo iko upande wa Namanve, nami naishi Seeta na mke wangu na watoto wawili. Mshahara ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Siku naajiriwa niliambiwa kwa mdomo kwamba kazi ni saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi, na katikati kuna saa moja ya chakula. Karatasi sikupewa.

Nilipoingia kazini ndipo nikaelewa kwamba saa moja asubuhi ni saa ya gari kutoka getini. Ili litoke saa moja, mimi lazima niwe depo saa kumi na moja alfajiri. Napanga foleni mlangoni pa stoo, nahesabu kreti na mtunza stoo, napakia na tanboi wangu, yaani msaidizi wangu wa gari, tunafunga turubai, nakagua maji, oili na tairi, halafu nasubiri ofisi itoe karatasi za mzigo. Muda huo wote hakuna anayeuandika. Jioni ni vilevile. Askari wa geti akishaandika kwamba gari limeingia, kwao siku yangu imekwisha. Lakini hapo bado nashusha chupa tupu, zinahesabiwa kreti kwa kreti, nakaa kwenye benchi nje ya dirisha la keshia nikisubiri zamu yangu ya kufunga hesabu, kisha naosha gari. Siku nzuri natoka saa kumi na mbili. Siku nyingi ni saa moja na nusu au saa mbili usiku, na mwisho wa mwezi ni saa tatu. Hesabu ikipungua, nakatwa mimi.

Tanboi kampuni haimjui kabisa. Wananipa posho kidogo ya njiani, na humo ndimo nimlipe.

Shangazi, nalala saa tano na kitu usiku na saa kumi niko macho kutafuta boda. Wiki iliyopita nikiwa natoka Jinja, kabla ya kufika Najjembe pale msitu wa Mabira, nilisinzia nikiwa kwenye usukani. Tanboi ndiye aliyepiga kelele. Nilipofungua macho tairi za kushoto zilikuwa zimeshaingia kwenye changarawe, na mbele kulikuwa na lori la miwa. Mke wangu sijamwambia.

Wenzangu wamejitafutia njia. Wengine wananyonya dizeli na kuuza, wengine wanabeba mizigo ya watu njiani. Wananiambia, "Kampuni inakuibia muda, na wewe chukua chako." Sijafanya, ila kila mwezi nalifikiria zaidi.

Ningekwenda kudai, lakini msimamizi wa madereva ni mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja. Ndiye aliyeniombea hii kazi nilipokuwa nimekaa bure Busia zaidi ya mwaka. Nikimgusia habari ya ovataimu ananijibu, "Mtoto wa dada, dereva hana saa. Kupakia ni kazi ya tanboi, wewe unasaidia kwa hiari yako." Nikienda juu yake, mama atasema nimemwaibisha kaka yake. Nikinyamaza, naona kabisa ninakokwenda. Nifanyeje?

Dereva, Seeta

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole sana na kazi.

Nianze na usingizi kwa sababu hauwezi kungoja barua wala kikao. Taasisi ya AAA Foundation for Traffic Safety ya Marekani ilichapisha utafiti mwaka 2016 ikaonyesha kwamba dereva aliyelala saa nne hadi tano katika siku nzima hupata ajali kiasi cha mara nne zaidi ya aliyelala saa saba au zaidi. Wewe unalala hivyo siku sita mfululizo, ukiwa na kanta iliyojaa chupa, kwenye barabara ya Jinja. Macho yakianza kuwa mazito, weka gari pembeni mahali salama, zima injini, lala dakika 20. Fanya hivyo Lugazi, fanya hivyo Mukono, popote. Mjomba akipiga simu kuuliza kwa nini gari limesimama, mwambie neno lenyewe: nilikuwa nasinzia. Ukiua mtu, polisi watamkamata aliyeshika usukani. Hawatauliza nani alikuamsha saa kumi. Na mke wako mwambie leo, maana yeye ndiye anayeweza kuhakikisha kwamba jioni ukifika nyumbani hukai kwenye simu mpaka saa tano.

Sasa suala lako. Saa unazotumia kupakia, kusubiri karatasi, kushusha chupa na kufunga hesabu ni saa za kazi, na zinapaswa kulipwa. Hili nalisema bila kuzunguka kwa sababu mjomba wako amekuzungusha kwa neno "hiari". Hiari ni kitu unachoweza kukataa. Je, ukikataa kuhesabu kreti, gari litatoka getini? Ukiondoka bila kufunga hesabu, keshia atakuacha uende na pesa ya mauzo mfukoni? Kazi ambayo bila hiyo huruhusiwi kuanza njia, wala huruhusiwi kwenda nyumbani, ni sehemu ya kazi yako. Hata kule kukaa kwenye benchi nje ya dirisha la keshia. Hukukaa kupumzika, umekaa kwa sababu wamekuweka hapo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba dereva wa Uber aliyewasha programu katika eneo lake, akiwa tayari kupokea abiria, yuko kazini hata kama bado hajapata abiria. Hukumu ile haitufungi sisi Uganda, lakini fikra yake inamfaa kila dereva anayesubirishwa.

Sheria yetu wenyewe, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, inasema wiki ya kazi isizidi saa 48. Inaruhusu kuzidisha, lakini kwa kawaida isipite saa 10 kwa siku wala 56 kwa wiki. Kinachozidi saa 8 kwa siku au 48 kwa wiki hulipwa angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida ya saa, na siku ya sikukuu ya serikali ni mara mbili. Saa zako za mdomoni, saa moja hadi saa kumi ukitoa chakula, ni nane kwa siku na 48 kwa wiki. Maana yake kampuni imeshaijaza wiki yako yote kabla hujagusa kreti hata moja. Kila dakika ya alfajiri na ya jioni ni ovataimu.

Tuifanyie hesabu, kwa sababu watu wengi hulalamika bila kujua wanadai nini. Shilingi 600,000 mara miezi 12, gawa kwa wiki 52, gawa kwa saa 48: unapata kama shilingi 2,885 kwa saa. Mara moja na nusu ni kama 4,327. Tuseme unazidisha saa nne tu kwa siku, nimekupunguzia makusudi. Kwa wiki ni saa 24, yaani karibu shilingi 104,000. Kwa mwezi ni kama laki nne na nusu. Unaona? Umekuwa ukiiachia kampuni robo tatu ya mshahara wako kila mwezi, halafu wanakukata kwa upungufu wa kreti mbili.

Lakini nisikilize vizuri hapa. Pesa hiyo ni haki yako, ila mimi singependa uishie kwenye pesa. Wakikulipa laki nne na nusu na wakaendelea kukuamsha saa kumi usiku, utakuwa umelipwa vizuri na bado unasinzia Mabira. Saa 12 au 13 kwa siku zimevuka mpaka wa sheria hata zikilipwa zote. Kwa hiyo dai lako la kwanza liwe kupunguza saa zenyewe. Kuna njia nyepesi ambazo kampuni ya usambazaji inaziweza: wapakizi wa usiku waijaze gari kabla hujafika, wewe ukifika saa moja kasorobo unahakiki hesabu na kukagua gari, unatia saini, unatoka. Jioni wafungue dirisha la pili la keshia, au chupa tupu zipokelewe na watu wa stoo huku dereva akifunga hesabu. Gari lioshwe na anayelipwa kuosha. Saa chache zitakazobaki ndizo zilipwe kama ovataimu. Mwajiri akiona mezani hesabu ya wapakizi na hesabu ya ovataimu ya madereva wote, mara nyingi mwenyewe ataona ipi ni nafuu.

Kabla ya kufungua mdomo, andika. Anayedai ndiye atakayeulizwa ushahidi, na kumbukumbu ya kichwani haitoshi. Nunua daftari dogo la shule, liweke nyumbani, siyo kwenye gari. Kila siku andika tarehe, saa uliyoingia depo, saa mliyoanza kupakia, saa gari lilipotoka, saa liliporudi, saa uliyotoka kwa keshia, saa uliyoondoka. Andika siku hiyohiyo. Daftari linaloandikwa lote kwa kalamu moja usiku mmoja hujulikana.

Halafu angalia vitu ambavyo kampuni yenyewe imeviandika bila kufikiria kuwa vitakusaidia. Daftari la askari getini lina saa ya gari kuingia. Karatasi ya keshia ya kufunga hesabu ina saa yake. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo jioni yako isiyolipwa, na imeandikwa kwa mkono wao. Asubuhi, karatasi ya stoo uliyotia saini ikiwa na saa, piga picha. Risiti za EFRIS, zile za kielektroniki za mamlaka ya mapato, zinazotolewa depo zina tarehe na saa. Kama mna kikundi cha WhatsApp na mjomba ameandika humo "madereva wote saa kumi na moja kamili", hifadhi ujumbe huo, maana unaondoa kabisa habari ya hiari. Picha ziwe za karatasi ulizotia saini wewe au ulizopewa. Usiingie ofisini kufungua faili za watu.

Omba pia vitu viwili ambavyo havina ugomvi. Cha kwanza ni masharti ya kazi yako kwa maandishi. Makubaliano ya mdomo ni mkataba halali Uganda, lakini sheria inamtaka mwajiri akupe masharti hayo kwenye karatasi ndani ya wiki 12 tangu uanze. Cha pili ni karatasi ya mshahara inayoonyesha umepata nini, umekatwa nini na kwa sababu gani. Huo upungufu wa kreti uonekane pale kwa tarehe na kiasi. Ukiwa umesimama tangu alfajiri, ukahesabiwa chupa gizani saa moja usiku, ni rahisi hesabu kukosewa, na mimi siamini kila kosa lilikuwa lako. Hapohapo tazama kama wanakupelekea michango ya NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 10 yao na 5 yako. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, kila mwajiri anawajibika hata akiwa na mfanyakazi mmoja.

Dizeli usiiguse. Nimesikitika kusikia unalifikiria, ingawa naelewa limetoka wapi. Leo wewe ndiye unayedai. Siku utakayokamatwa na jerikeni, utafukuzwa bila notisi, utapelekwa polisi, na kila saa uliyoiandika kwenye daftari itaitwa maneno ya mwizi. Mizigo ya watu njiani ni hivyohivyo.

Tuje kwa mjomba. Amekutoa kwenye kukaa bure, na shukrani unadaiwa. Lakini shukrani hiyo unadaiwa na yeye. Kampuni haikukuombea kazi. Kumheshimu mjomba hakukulazimishi kumlipa mwajiri wake kwa usingizi wako. Tena fikiria nafasi yake: yeye naye anaulizwa na wakubwa kwa nini gari halijatoka saa moja. Huenda hajawahi kulala vizuri mwenyewe tangu apewe cheo hicho. Hilo halimpi haki ya kukudanganya, ila linakuonyesha namna ya kumwendea.

Usimwendee depo mbele ya madereva. Nenda kwake nyumbani Jumapili, na kilo yako ya sukari kama desturi, kaa, mle, kisha mwombe mzungumze wawili. Mwambie yaliyotokea Najjembe. Usiyapambe wala usiyapunguze. Mwambie, "Mjomba, nakuheshimu, ndiyo maana nimeanza kwako. Sitaki usikie ofisini. Mimi na wenzangu tutaiandikia kampuni kuhusu saa za kupakia na kufunga hesabu. Sitakutaja kwa ubaya. Nakuomba usitupinge." Hukwenda kuomba ruhusa. Umekwenda kumpa taarifa kwa heshima, ili akitaka kuwa upande wenu apate nafasi, na asipotaka asiseme umemzunguka. Baada ya hapo mpigie mama yako simu mwenyewe, siku hiyohiyo, umweleze kabla kaka yake hajamweleza kwa namna yake. Akina mama hukasirika zaidi wanaposikia mambo ya watoto wao kutoka kwa mtu mwingine. Mwambie kuhusu ile changarawe. Sidhani atauliza tena habari ya aibu.

Barua ya ofisini isiwe ya mtu mmoja. Mkiwa madereva kadhaa, kila mmoja na daftari lake, ni vigumu kumchagua mmoja na kumwita mkorofi. Iwe fupi, ya adabu, ieleze saa, iombe wapakizi na malipo ya ovataimu, itaje tarehe mnayoomba majibu, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Malimbikizo ya nyuma yatajeni, lakini kwa sentensi moja, ili yawepo. Kama mnaweza, jiungeni na chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, ATGWU. Madereva walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuunda chama cha wafanyakazi nchini Uganda, tangu miaka ya 1930, kwa hiyo mkijiunga hamtakuwa mmeanzisha jambo geni. Tanboi nao waingie kwenye barua. Kijana aliyekuokoa anapakia mzigo wa kampuni, kwenye gari la kampuni, kwa maelekezo ya kampuni. Kumfanya wewe mwajiri wake kutoka kwenye posho ya chakula ni kukusukumia mzigo usio wako. Siku kreti ikimwangukia mguuni, sitaki uwe wewe unayetafutwa kulipa fidia.

Wakikaa kimya au wakikataa, nendeni kwa afisa wa kazi wa wilaya ambako depo iko. Huhitaji wakili kufungua malalamiko pale. Peleka daftari, picha, barua na nakala ya kitambulisho. Zikipita siku 90 bila uamuzi, sheria inakuruhusu kulipeleka shauri Mahakama ya Viwanda, ile inayosikiliza kesi za kazi.

Sitakuficha kwamba wanaweza kukufukuza. Sheria inasema malalamiko ya haki dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, lakini sheria haitasimama getini asubuhi hiyo kukufungulia. Kwa hiyo jiandae: wekeni akiba kidogo wewe na mke wako kabla ya barua kwenda, permiti yako ikae kwako na iwe hai, na uanze kuulizia kazi kwingine kimyakimya. Ukiachishwa, una miezi mitatu tu ya kulalamika kwa afisa wa kazi kwamba umeachishwa isivyo haki, mradi ulikuwa umefanya kazi mfululizo angalau wiki 13. Miezi mitatu huisha haraka mtu akiwa anazungushwa na ahadi za "rudi wiki ijayo", basi ihesabu tangu siku ya kwanza. Na dai hati ya utumishi unapoondoka, utaihitaji kwa mwajiri mwingine.

Ofisi ikijibu, niandikie tena uniambie wamekubali nini na wamekataa nini. Wapo madereva wengi wa mikate, maziwa na gesi walioniletea barua zinazofanana na yako, na nitapenda kuwaeleza lililofanya kazi.

Shangazi